Darubini ya Kutazamia na Darubini ya Kulengea

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naleta neno moja linalobeba kazi mbili: darubini. Asili yake ni Kiajemi, ambamo *dur* ni mbali na *bin* ni kuona. Basi darubini ni kiona-mbali. Historia, hata hivyo, ilikichukua kiona-mbali hicho ikakipandisha juu ya mtutu wa bunduki, na tangu hapo neno moja halikutosha.

Tuanze na maneno yaliyotangulia. Bunduki, baruti na risasi yametufikia kwa njia ya Kiarabu. Risasi ni jina la madini yale mazito kabla ya kuwa jina la kinachoua. Mtutu, kitako, kulenga na lengo ni maneno ya Kibantu. Hemedi bin Abdallah alipotunga *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*, kuhusu vita vya 1888 na 1889, Pwani ilikuwa imekwisha kuizoea bunduki na msamiati wake. Darubini ya kulengea haikuwa na nafasi bado, na sababu yake ni moshi.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii walibeba Mauser ya muundo wa 1871, bunduki ya komeo iliyotumia baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu jeupe lililomfichua mpigaji na kuziba macho yake mwenyewe. Lenzi ingemfaa nini mtu aliyezingirwa na moshi wake? Aprili 1915 meli iitwayo Rubens ilipenya hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na shehena ya Mauser za muundo wa 1898, zenye baruti isiyotoa moshi mwingi. Mpigaji sasa aliweza kuona asionekane.

Katika mahandaki ya Ulaya, wakati uo huo, mafundi walikuwa wakihangaika na kazi ya kuifunga darubini juu ya bunduki ya komeo. Komeo hilo hufanya kazi kama la mlango: huinuliwa, huvutwa nyuma, husukumwa mbele, hulazwa. Likiinuliwa hugonga darubini iliyo juu yake. Wajerumani waliukunja mkono wa komeo uelekee chini. Waingereza waliiweka darubini kando, upande wa kushoto, ili risasi ziendelee kupakiwa kwa juu. Lakini shavu la mlengaji likakosa pa kuegemea kwenye kitako.

Kuchagua nako kuna hekima yake. Darubini yenye kukuza mno hukuza pia mtetemo wa mkono, na eneo linaloonekana hupungua. Jicho lazima likae mbali kidogo na lenzi, kwa kuwa bunduki hurudi nyuma kwa kishindo. Pete zinazoishika darubini hukazwa sawasawa, na msalaba wa nyuzi uliomo ndani husimamishwa wima. Ukiinama, kila marekebisho ya juu huivuta risasi pembeni. Mwisho hupigwa risasi za majaribio, kwa maana jicho huona kwa mstari ulionyooka ilhali risasi husafiri kwa upinde. Mistari hiyo hulinganishwa ikutane katika umbali uliochaguliwa. Nje ya umbali huo, mlengaji hubaki na hesabu yake.

Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho, karibu na Rufiji, Kapteni Frederick Selous, mwindaji mashuhuri mwenye umri wa miaka 65, aliuawa kwa risasi. Husimuliwa kwamba alikuwa ameinua darubini machoni amtafute adui. Ile ilikuwa darubini ya kutazamia. Mwenye kutazama na mwenye kulenga wote hufumba jicho au kulikaza, wote huleta cha mbali karibu; tofauti yao ni kidole kilicho kwenye kifyatulio.

Ndiyo maana nasihi yangu kwa watunzi ni kutenga majina: darubini ya kutazamia na darubini ya kulengea. Vyombo vya habari vimekwisha kutupa neno zuri, mdunguaji, kutokana na kudungua, yaani kukiangusha kilicho juu kwa kukilenga. Neno hilo halifichi kwamba kuna anayeanguka. Darubini peke yake hulificha.

Hapa Bujora tuko takriban kilomita 20 kutoka Mwanza, mji uliotekwa na Waingereza Julai 1916. Watu wa ufuko huu walibebeshwa mizigo ya vita ambavyo hawakuvianzisha. Mshairi atakayewatungia leo ana deni la kusema wazi ni chombo kipi kiliwatazama, na kipi kiliwalenga.