Fantasia ya Mahaba, na Wapiganaji Waliorudi Uraiani

Katika maduka ya vitabu ya Uingereza na Marekani kuna neno jipya linalopewa rafu nzima: romantasi. Limeundwa kwa kuchanganya mahaba na fantasia, nalo limevuma hasa baada ya Fourth Wing ya Rebecca Yarros, riwaya ya mwaka 2023 inayohusu chuo cha kijeshi cha wapanda majoka. Humo mtoto wa jenerali anampenda mtoto wa muasi, huku vita vikinukia mpakani.

Utanzu huu una masharti mawili. Kwanza, ulimwengu wa kisa uwe na sheria zake: joka, uchawi au jini awe jambo la kawaida kwa wahusika wenyewe. Hapo ndipo fantasia inapotofautiana na uhalisiajabu, ambamo ajabu hubisha hodi katika dunia yetu hii ya foleni na bili za umeme. Pili, mahaba yawe mhimili. Ukiyatoa, kisa kianguke. Na ukiitoa fantasia, kianguke vilevile. Mashabiki wengi huongeza sharti la tatu, kwamba wapenzi wawe pamoja mwishoni, hata kama mwisho huo utakuja katika kitabu cha tano.

Kwa kipimo hicho, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) ni fantasia isiyo romantasi. Ina jini, ina ndugu waliogeuzwa manyani, na mapenzi yamo, lakini kinachokiendesha kisa ni husuda ya ndugu.

Tuuiteje basi utanzu huu kwa Kiswahili? “Njozi ya mapenzi” imewahi kunijia, nikaiacha. Njozi ni kitu aonacho mtu usingizini au katika maono, naye huamka. Wahusika wa fantasia hawaamki, hapo ndipo kwao. “Mapenzi” nayo yamebebeshwa mzigo mkubwa mno, kuanzia mapenzi ya Mungu hadi mambo ya chumbani. Mahaba yanabaki palepale penye wawili wanaotamaniana. Lakini tahadhari: “riwaya pendwa” ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni riwaya inayopendwa na umma, iwe ya ujambazi au ya upelelezi, hata kama hakuna anayembusu mwenziwe.

Inabaki shida ya mpangilio. Kiingereza kimeyasaga maneno mawili pamoja, kikakwepa kusema lipi ni bwana. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo. Kile kihusishi cha “ya” kinakudai uchague. “Mahaba ya fantasia” yatasomeka kama mahaba ya kujidanganya, ya mtu anayempenda mwigizaji wa filamu. “Fantasia ya mahaba” inaeleweka mara moja, ndiyo ninayoishika.

Istilahi hujaribiwa kwa mfano, na mfano ninaoupenda ni wa zamani kuliko neno lenyewe. Katika The Return of the King ya J.R.R. Tolkien (1955), sehemu ya mwisho ya The Lord of the Rings, Éowyn anajivika sura ya mwanamume, anakwenda vitani na kumuua bwana wa Nazgûl, mizimu inayomtumikia adui. Mkono wake unavunjika, na anapelekwa katika Nyumba za Uponyaji mjini Minas Tirith. Faramir, kamanda aliyejeruhiwa, yumo humo humo. Éowyn anataka aruhusiwe kutoka akafie vitani. Faramir hana ruhusa ya kumpa, maana yeye pia yumo mikononi mwa waganga. Basi wanakaa. Wanatembea bustanini, wanasimama ukutani wakitazama mashariki, wakingoja habari za vita ambavyo safari hii havihitaji panga zao.

Nguvu ya sehemu hii inatokana na kungoja huko. Mpiganaji anajua la kufanya adui akitokea. Asilolijua ni la kufanya asubuhi isiyo na adui. Habari za ushindi zinapofika, mji mzima unashangilia na Éowyn hachangamki. Baadaye ndipo anapoamua kuwa mganga na kupenda vinavyoota, na wawili hao wanapanga kuishi Ithilien na kuifanya nchi hiyo bustani. Wapo wasomaji waliolalamika kwamba wamependana upesi mno. Tolkien, aliyepigana Somme mwaka 1916 na kurudishwa kwao akiwa mgonjwa, alieleza katika barua kwamba kwa alivyoona yeye, nyakati za dhiki hisia hukomaa haraka. Mimi nauamini ushahidi wake kuliko malalamiko yao.

Hata hivyo, The Lord of the Rings si fantasia ya mahaba. Watoe Éowyn na Faramir, na Pete inayoendesha kisa kizima bado itaungua.

Legends & Lattes ya Travis Baldree (2022) iko karibu zaidi na kipimo chetu. Viv, mwanamke mpiganaji wa jamii ya maorki, anaacha kazi ya upanga, anautundika ukutani na kufungua duka la kahawa katika mji usiojua kahawa ni nini. (Msomaji wa Mombasa atauonea huruma mji huo.) Polepole anampenda Tandri, mfanyakazi wake. Tandri si mpiganaji, na mahaba yenyewe yanagawana uzito na mikate na wateja. Kwa hiyo wengi hukiweka kitabu hiki katika tawi dogo ambalo ningeliita fantasia tulivu.

Kwa safari ya wahusika hawa kutoka vitani, wanajeshi wetu wana neno tayari: kurudi uraiani. Kuna atakayeuliza kama falme za kubuni zina raia. Zinao. Asili ya neno hilo katika Kiarabu ni watu walio chini ya mtawala, kwa hiyo hata katika Ithilien neno hilo linakaa bila shida.

Nawaomba wahariri na watunzi waandike “fantasia ya mahaba” jaladani, na “romantasi” waiache katika mazungumzo ya mashabiki. Na kwa mtunzi anayetafuta kisa: wapanda majoka walioko vitani wameshaandikwa vya kutosha. Wawili waliorudi uraiani bado ni wachache.