Insha za Ng'ambo, Usiku wa Kahawa Wendani

Vyuo vingi vya Marekani hufunga kupokea kazi za wanafunzi dakika moja kabla ya saa sita usiku. Kwa walio pwani ya mashariki ya nchi hiyo, msimu wa joto, hiyo huwa ni dakika moja kabla ya saa moja asubuhi kwetu Kenya. Novemba ikifika, Wamarekani wakarudisha saa zao nyuma, tulijaliwa saa nzima zaidi. Kahawa Wendani, Roysambu, Githurai na Juja, mitaa ya Nairobi na viunga vyake, kuna vijana walioyajua mabadiliko hayo ya saa kuliko walivyozijua sikukuu za kwao. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tuliandika insha, ripoti za uuguzi, hata tasnifu, za watu ambao hatungewahi kuonana nao, nao wakazikabidhi kwa wahadhiri wao kwa majina yao.

Watu huuliza, kwa nini Nairobi? Hujibiwa kwamba ni ukosefu wa kazi pamoja na Kiingereza kizuri. Ni kweli, ila nchi nyingi zina vyote viwili. Mimi huanzia baharini. Hadi 2009 intaneti yetu ilitegemea setilaiti. Ilikuwa ghali na ya kujikokota, na saiba ilikutoza kwa dakika hata ukurasa ukikataa kufunguka. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari zikatua Mombasa, TEAMS ikitoka Fujairah na SEACOM nayo ikifika. M-Pesa ilikuwapo tangu 2007, kwa hiyo bosi wa Juja angeweza kumlipa mwandishi wa Kisii bila yeyote kupanga foleni benki. Kisha 2012 barabara kuu ya Thika ikafunguliwa rasmi, na ghorofa za vyumba vya kupanga zikajaa kando yake, kuanzia Roysambu hadi Juja, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Wahitimu walimaliza masomo, wakatuma maombi ya kazi, wakabaki kwenye vyumba vilevile.

Jambo la pili ni la kuchekesha kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watu waliotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianza kuunda mtambo uliokuja kuitwa Turnitin. Mwanafunzi mvivu wa enzi hizo alinakili aya kutoka tovuti, akabadilisha neno hapa na pale, akapeleka. Turnitin iliilinganisha kazi yake na kurasa za intaneti pamoja na kazi nyingine zilizohifadhiwa, ikamwonyesha mhadhiri asilimia ya maneno yanayofanana. Wanakili wakanaswa. Lakini insha iliyoandikwa upya usiku huo, kwa ajili ya mtu mmoja, haimo kwenye hifadhi yoyote. Ua lililojengwa kumzuia anayenakili ndilo lililomsukuma hadi mlangoni kwetu. Kila oda ilikuja na sharti: asilimia isizidi kumi. Watafiti wawili wa Birmingham, Robert Clarke na Thomas Lancaster, walikuwa wameliona hili mapema, 2006, walipochapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi wanaotangaza kazi zao mtandaoni ili wengine wazifanye kwa malipo.

Ngazi za biashara zilikuwa hivi. Juu kabisa kulikuwa na kampuni yenye tovuti na picha za wazungu wanaotabasamu. Chini yake kulikuwa na mwenye akaunti. Akaunti yenye nyota nyingi ilikuwa mali: iliuzwa, ikakodishwa, na ndugu waliigombania. Chini ya mwenye akaunti ndipo tulipokuwa sisi tunaoandika. Nilianza kwa shilingi 300 kwa ukurasa, na ukurasa ni maneno 275, wakati mteja huenda alilipa dola ishirini. Hakuna aliyetuficha hesabu hiyo. Tuliijua, tukaandika, kwa sababu kodi ya nyumba haikungoja.

Juni hadi Agosti vyuo vya ng'ambo vilifungwa na oda zikakauka. Ndipo ungewaona waandishi wakiuza mitumba Githurai. Septemba stima iliwaka usiku kucha. Mama mwenye ploti yetu alikuwa na mita moja kwa vyumba sita, na tokeni zilipoisha saa nane usiku alijua pa kubisha.

"Kijana yangu, wewe unapika nini usiku wote na sufuria sisikii?"

Nilimwambia nasomea ng'ambo. Hakuona ajabu, ila akaongeza mia mbili kwenye kodi yangu.

Kazi iliyonifundisha mengi ilikuwa ya kushika darasa zima. Mwanafunzi wa uuguzi wa Ohio alinipa nywila yake ya Canvas, darasa la mtandaoni la chuo chake. Kabla ya kuingia niliwasha VPN, chuo kikaamini niko Ohio. Kila Jumatano niliandika maoni yake juu ya mada ya wiki, na kufikia Jumapili ilinipasa kuwajibu wenzake wawili darasani. Niliwajibu kwa adabu, nikawapongeza kwa hoja zao, nikataja vitabu kwa mtindo wa APA. Sijui wangapi kati yao nao walikuwa Githurai.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema tuliuza maarifa tu, kama mwalimu wa tuisheni. Insha ya historia haimuui mtu. Muuguzi ambaye hakusoma vipimo vya dawa ni jambo jingine, na sote tulilijua hilo tulipokuwa tukiipokea oda.

Serikali za nje zilijaribu sheria. Australia ilipitisha yake 2020, na Uingereza ikapitisha ya kwake Aprili 2022 kwa ajili ya eneo la England. Zote zinamlenga muuzaji na mtangazaji. Anayenunua zinamwachia chuo chake. Muuzaji akiwa kwenye chumba cha Juja, polisi wa London atamfikiaje? Kwenye vyumba vyetu hatukuona oda hata moja ikipungua kwa sababu ya sheria hizo.

Kilichozipunguza kilitoka Novemba 30, 2022: ChatGPT. Januari iliyofuata jarida la TIME likaripoti kwamba kuna Wakenya waliokuwa wamelipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kuainisha maandishi machafu ili programu hiyo isiyarudie. Mtaa mmoja wa Nairobi ulisaidia kuusafisha mtambo ambao ulinyang'anya mtaa mwingine kazi. Turnitin ilijibu Aprili 2023 kwa kipimo cha kutambua maandishi ya mashine, na punde oda za aina mpya zikaingia: mteja analeta kurasa zilizotoka kwa mashine, anataka zisomeke kana kwamba mtu amezitolea jasho. Malipo ni robo ya yale ya zamani. Filamu ya The Shadow Scholars ya 2024, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, anawatafuta waandishi hawa, iliwakuta wengi tayari wakiifunga kazi.

Vyuo sasa vinarudia karatasi na kalamu darasani, na vingine maswali ya ana kwa ana. Hilo la pili nililiona mapema. Mteja mmoja aliandika usiku akitetemeka: mhadhiri wake alikuwa ameamua kumwita kila mwanafunzi ofisini kwa dakika kumi aielezee kazi yake. Tulimwandikia muhtasari wa kurasa mbili wa insha yake mwenyewe akaukariri, tukamtoza kama oda mpya. Muhula uliofuata alileta masomo matatu. Lakini kutoka kwa darasa la mhadhiri huyo, yeye wala mwingine hakutuletea kitu tena.