Wakala au mhudumu?

Mifumo mingi ya simu za ofisini siku hizi ina programu inayopokea simu, inamsomea mpigaji orodha ya huduma, kisha inamuunganisha na mhusika au kumpa nafasi ya kuacha ujumbe wa sauti. Baadhi ya mafundi wanaiita "wakala pepe". Jina hilo silikubali.

Wakala ni neno la asili ya Kiarabu, ndugu wa wakili, na tumelizoea katika meli na bima. Lakini M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, neno lilihamia kibandani: wakala ni yule unayemwendea kuweka na kutoa pesa. Mteja wa hospitali akiambiwa "subiri, wakala atakuhudumia", atashtuka. Kwa jinsi matapeli wa simu walivyotuchosha, akikata simu ana haki.

Mhudumu lipo na linaeleweka, hotelini, benki na zahanati. Aliye mtu aitwe mhudumu. Programu ijitambulishe wazi kuwa ni mashine, maana mpigaji anastahili kujua anazungumza na nani. "Pepe" ibaki kwenye mipangilio ya fundi.

Tena, katika orodha anayosomewa mpigaji, haja itangulie tarakimu: "Kwa malipo, bonyeza 2." Ukianza na tarakimu, msikilizaji hulazimika kuikumbuka kabla hajajua kama inamhusu.

Mafundi, kabla ya kurekodi maelezo hayo, msomeeni kwanza mtu asiyefanya kazi ofisini kwenu.