Mto, Wimbo na Lahaja: Uvira 1858 na Sevilla 1879

Anayekwenda ugenini kujifunza lahaja hukabiliwa na njia mbili: kuorodhesha maneno peke yake, au kuyasikiliza pamoja na nyimbo zinazoyabeba. Historia ya ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika yaonyesha hasara ya njia ile ya kwanza.

Mwezi wa Aprili 1858, Richard Burton na John Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi miwili, wakafika Uvira tarehe 26. Walitaka kujua kama Mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wana wa Mtemi Maruta waliwaambia kuwa unaingia. Wapiga kafi walikataa kwenda mbele kwa hofu, hivyo mlango wa mto haukuonekana. Livingstone na Stanley ndio waliothibitisha habari hiyo mnamo Novemba 1871.

Burton alikuwa hodari wa lugha, na kitabu chake cha 1860 kimejaa maneno ya Kiswahili. Hata hivyo, wapiga kafi walipoimba kwa kupokezana, pembe na ngoma zikilia omoni, yeye alivieleza vyote kama makelele ya kuudhi. Mitumbwi ile ilikuwa imewakutanisha Wajiji na watu wa msafara waliotoka pwani. Kwa mwanaisimu, hilo lilikuwa darasa adimu.

Mwanaisimu Hugo Schuchardt alifuata njia ya pili. Mwaka 1879 alikwenda Sevilla, na mwaka 1881 akachapisha uchunguzi wa matamshi ya Kihispania cha Andalusia kwa kutumia nyimbo za flamenko. Mwaka huohuo Antonio Machado y Álvarez alitoa mkusanyo wake wa nyimbo hizo. Neno «cansado», yaani aliyechoka, huimbwa «cansao». Kwa Schuchardt, tofauti ya namna hiyo ilikuwa ushahidi wa kuchunguzwa, si kosa la kusahihishwa.

Kiswahili cha mashariki mwa Kongo hakikupata bahati hiyo. Kwa muda mrefu kiliitwa Kingwana na kupimwa kwa Kiunguja, kilichoteuliwa mwaka 1928 huko Mombasa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Lakini «batu» badala ya «watu», «niko mwalimu» badala ya «mimi ni mwalimu», na «katoto, tutoto» kwa kudogosha, si uharibifu. Viambishi ka- na tu- vina ndugu zao katika Kifuliiru na Kivira. Basi ni alama za wenyeji walioipokea lugha na kuifanya yao.

Kwa hiyo, idara zinazopeleka wanafunzi Uvira ziwatume pia kwenye kwaya, ngoma za arusi na mialo ya wavuvi wa ndagala, wayaandike maneno kama yanavyotamkwa. Mwanafunzi anayesahihisha kabla ya kuandika atarudi na sarufi aliyoondoka nayo, na wazee wakiisha kufariki, hatakuwapo wa kuulizwa tena.