Kulenga Shabaha: Msee wa Olkaria Aende Wapi?

Kama unaishi Olkaria na unadhani utalenga mawe huko vichakani, tulia kwanza. Mitambo ya stima iko ndani ya mbuga ya Hell's Gate, na kuingia na silaha mbugani bila ruhusa ni kesi. Kuwinda nako kulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Kilichobaki ni shabaha, tena kwa renji.

Renji yenye jina ni Kirigiti, Kiambu, ya chama cha wenye bunduki, NGAO. Ukitoka Naivasha, tenga siku nzima. Hapo huchezwa IDPA, mchezo wa bastola ulioanzishwa Marekani 1996. Usidhani ni mbio tu. Saa inahesabu, na kila pointi unayopoteza inakuongezea sekunde moja, kwa hivyo mwenye pupa huchomeka mapema. Ukielekeza mtutu kwa mtu? Unatolewa hapo hapo, hakuna kubembeleza.

Vijana wengi hukwama kwa cheti cha Firearms Licensing Board, na bunduki yenyewe si bei ya boda. Bila hicho cheti, hata risasi moja mfukoni ni kesi.