Mwerezi na Mtarakwa

Asomaye Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 hukutana na mwerezi mara nyingi, maana ndio mti ambao Hiramu mfalme wa Tiro alimpelekea Sulemani wa kujengea hekalu. Mti huo, Cedrus libani wa wataalamu wa mimea, hauoti kwa asili po pote katika Afrika ya Mashariki. Neno lilifika bila mti wake. Je, lilitoka wapi?

Waarabu huuita arz, na ni rahisi kudhani kwamba tulilitwaa kwao kama tulivyotwaa mengi. Lakini sauti zakataa. Ardh imetupa ardhi, umr imetupa umri, na fardh imetupa faradhi. Kwa mwendo huo arz ingalitupa mwarzi, au labda mwarazi. Zile irabu mbili za e zaafikiana zaidi na erez ya Kiebrania. Kwa hiyo naona kwamba neno hili lilitoka mezani kwa wafasiri, wala halikushuka jahazini.

Bara mambo ni mengine. Katika milima ya Kenya, na katika msitu wa Shume-Magamba huko Usambara, humea Juniperus procera, mti wenye moyo mwekundu unaonukia, ambao mchwa hawauwezi. Waogiek huchongea mizinga ya nyuki, na wenyeji wengi hufanyia nguzo za ua. Kwa kuwa huchongeka bila taabu, watengenezaji penseli wa Ulaya waliutaka sana. Kabla ya vita ya 1914 Wajerumani walikuwa wakiupasua Shume na kuzishusha mbao kwa waya wa angani hadi Mkumbara, penye reli. Wakalenjin husema tarakwet, Wamasai ol-tarakwai, Wakikuyu mutarakwa. Shina ni moja, ila kila lugha imelivika nguo yake, huyu mwishoni, wale mwanzoni. Nasi twasema mtarakwa. Naamini Wakikuyu walilipata kwa jirani zao wa Kiniloti, waliopakana nao msituni.

Waingereza, kwa sababu ya harufu, waliiita miti yote miwili kwa jina moja, na hapo ndipo tulipoponzwa. Nimesahihisha tafsiri za wanafunzi zihusuzo misitu ya Kenya, nikakuta mierezi tupu. Mzee aliyezaliwa chini ya mtarakwa akisomewa kwamba ni marufuku kukata mwerezi, atajuaje kwamba ni mti wake unaosemwa?

Hata hivyo tusiwalaumu mno wafasiri, kwani Kiebrania chenyewe hakikuwa na mipaka mikali. Katika Walawi mlango wa 14 kuhani aamriwa kutumia mti wa mwerezi, na amri hiyo yatolewa jangwani, katika Sinai, mahali pasipoota mwerezi wa Lebanoni. Wataalamu kadhaa hushika kwamba erez ya hapo ni Juniperus phoenicea, ambao huota Sinai; nao ni wa jenasi moja na mtarakwa.