Hadubini ya taa ya bluu

Wadau, leo tuache programu kidogo. Hapa Olkaria mtambo wa kwanza wa mvuke ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, megawati 15. Lakini nyaya kupita juu ya paa si sawa na umeme kuwa ndani ya nyumba, na tofauti hiyo imo katika historia hii.

Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Muda si mrefu ikaja njia ya Ziehl na Neelsen: makohozi yanatiwa rangi, kisha mtaalamu wa maabara anatafuta vijiti vyekundu, vikiwa vimekuzwa mara 1000. Kwa ukuzaji huo unaona kieneo kidogo sana, kwa hiyo anapitia vieneo 100 kabla ya kuandika kwamba hakuna kitu. Sasa fikiria ni sampuli ya ishirini siku hiyo. Macho yakichoka, mgonjwa anarudi nyumbani kukohoa karibu na watoto.

Njia bora ilikuwepo zamani! Mwaka 1904, August Köhler wa Zeiss, Jena, aliona vitu chini ya hadubini vikitoa mwanga vyenyewe vinapomulikwa kwa miali ya urujuanimno. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Wajerumani wakaanza kutumia rangi ya auramini: bakteria wanang'aa njano kwenye giza, kama nyota. Uwanja wote unamulikwa kwa mpigo, ukuzaji mdogo unatosha, na kazi inaisha haraka.

Kwa nini haikutufikia mapema? Taa ya zebaki. Ni ghali, inaungua baada ya saa mia chache, inataka chumba cha giza na umeme usioyumba. (Dawa yote iko kwenye taa, si kwenye lenzi.)

Taa ya LED ya bluu, iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel mwaka 2014, ndiyo ilifungua njia. Inadumu maelfu ya saa, na betri inatosha kuiwasha. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza hadubini za LED zichukue nafasi ya zile za zamani. Fluoresensi hunasa wagonjwa zaidi kwa karibu asilimia 10.

Siku hizi kipimo cha kwanza ni GeneXpert, ambayo nayo husoma fluoresensi, ila kwa kompyuta. Lakini inanasa hata DNA ya bakteria waliokwisha kufa, kwa hiyo kujua kama dawa zinamsaidia mgonjwa, bado anaitwa mtu wa hadubini.